Mgonjwa anapochanganyikiwa ghafla: kuitambua deliriamu na kupima ustadi wa wanafunzi wa uuguzi wa akili

Katika vijiji vya Ngungu, kusini mwa wilaya ya Masisi, mgonjwa akianza kusema maneno yasiyoeleweka usiku, watu huuliza maswali matatu: je, amelogwa? Je, amelishwa karuho? Je, ameingiwa na pepo? Swali la nne halisikiki mara nyingi: ni ugonjwa gani wa mwili unaosumbua ubongo wake? Makala hii inahusu swali hilo la nne. Tumeiandika kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, mama na vijana wanaolinda wagonjwa hospitalini, na pia kwa wauguzi na walimu wao wanaofundisha uuguzi wa magonjwa ya akili.

Tunawaweka pamoja kwa sababu wote hukutana kwenye kitanda kimoja. Mtu aliyeumia au aliyezidiwa Ngungu hupelekwa kituo cha afya, na akizidi hushuka milima hadi Kirotshe au Goma. Huko anaweza kulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, ambacho wengi wetu wanakiita reanimasio. Siku ya pili au ya tatu akili yake inachanganyika. Jamaa wanataka kumtoa wampeleke kwenye chumba cha maombi. Muuguzi aliyechoka anasema mgonjwa huyu si wa kwake, ni wa magonjwa ya akili. Mwanafunzi aliye kwenye staji anaitwa aje amwone. Kama hakuna hata mmoja kati yao anayejua deliriamu ni kitu gani, mgonjwa anaweza kufa kwa ugonjwa ambao ungetibika.

Deliriamu ni nini

Deliriamu ni kuchanganyikiwa kwa akili kunakoanza ghafla, ndani ya saa au siku chache, kwa sababu ubongo umesumbuliwa na jambo la mwili: maambukizi, ukosefu wa hewa, sukari kushuka, dawa, damu kupotea. Waswahili wa zamani walikuwa na neno lake, kuweweseka. Neno deliriamu lenyewe linatoka katika Kilatini, na maana yake ya kwanza ilikuwa kutoka nje ya mstari wa shamba wakati wa kulima. Mkulima yeyote wa Masisi anaielewa picha hiyo: jembe lilikuwa likienda sawa, mara limeacha tuta.

Alama zake kuu ni nne. Ya kwanza, hali imebadilika ghafla, au inapanda na kushuka: asubuhi anaongea vizuri, usiku hamjui mtoto wake. Ya pili, hawezi kushika jambo moja kwa akili. Unamwuliza swali, naye katikati ya jibu amekwenda kwingine. Ya tatu, kiwango chake cha kuwa macho si cha kawaida: amechangamka kupita kiasi au amelala mno. Ya nne, mawazo yake hayafuatani.

Alama ya pili ndiyo moyo wa jambo lote. Mtu mwenye deliriamu amepoteza kwanza uwezo wa kusikiliza na kufuata. Kusema ovyo na kuona vitu visivyokuwapo vinaweza kuja au visije.

Si jambo la nadra. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya wagonjwa 224 waliokuwa wamewekewa mashine ya kupumua: 183 kati yao, karibu asilimia 82, walipata deliriamu wakiwa hospitalini. Katika miezi sita iliyofuata, asilimia 34 ya waliokuwa nayo walifariki, na kwa wale ambao hawakuwa nayo ni asilimia 15. Karibu zaidi na kwetu, katika hospitali kubwa ya chuo kikuu ya Lusaka, Zambia, watafiti waliopima wagonjwa waliolazwa waliikuta kwa karibu nusu yao. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya deliriamu, tunazungumza juu ya dalili ya hatari, sawa na homa kali au damu inayotoka.

Sura tatu za ugonjwa mmoja

Sura ya kwanza inajulikana na kila mtu. Mgonjwa anapiga kelele, anang'oa serumu, anataka kushuka kitandani, anapigana na wanaomshika. Huyu anaonekana, na mara nyingi ndiye anayefungwa kamba.

Sura ya pili ni ya kimya. Mgonjwa amelala tu, anatazama ukuta, hajibu au anajibu neno moja, hali wala hanywi. Jamaa wanashukuru kwamba sasa ametulia. Katika daftari la zamu kunaandikwa kwamba amelala vizuri. Sura hii ndiyo inayopita bila kuonekana, na ndiyo inayoua kimyakimya, kwa sababu hakuna anayetafuta chanzo chake.

Sura ya tatu ni mchanganyiko: mchana kimya, usiku vurugu.

Wachungaji wanaozunguka wodini wanapaswa kuijua vizuri sura ya pili. Mara nyingi tunakwenda kwa anayepiga kelele na kumpita aliye kimya, tukidhani anapumzika.

Visababishi vya hapa kwetu

Katika milima yetu orodha ya visababishi ni ndefu, lakini mingi inatambulika kwa vipimo vya kawaida. Malaria kali inayoshika ubongo ni ya kwanza kufikiriwa, na kwinini inaweza kushusha sukari ya damu, jambo ambalo peke yake linaleta kuchanganyikiwa. Kuna homa ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, nimonia, na usaha wa kidonda cha risasi au cha panga. Kuna damu nyingi iliyopotea njiani kabla ya kufika hospitali. Kwa mama mwenye mimba au aliyejifungua karibuni, shinikizo la damu linaweza kuleta kuchanganyikiwa na degedege. Kwa wazee, hata kibofu kilichojaa mkojo usiotoka, choo kilichofunga, au maumivu yasiyotulizwa vinatosha kuchanganya akili.

Dawa pia zinahusika. Dawa za usingizi za jamii ya diazepamu zinaweza kuongeza deliriamu badala ya kuituliza, isipokuwa katika hali chache kama degedege au kuacha pombe ghafla.

Na hapo kwenye pombe tuseme wazi. Mtu aliyezoea kunywa kanyanga au kasiksi kila siku, akilazwa na pombe ikakatika ghafla, anaweza kuanza kutetemeka, kutoka jasho na kuona wanyama ukutani, mara nyingi kati ya siku ya pili na ya nne. Hali hii inaua isipotibiwa, na matibabu yake ni tofauti na ya deliriamu nyingine. Daktari hawezi kuijua kama jamaa wanaficha. Katika familia za Kikristo wanaficha zaidi, hasa kama mgonjwa ni mzee wa kanisa. Tunawaomba: aibu ya kusema ukweli kwa daktari ni ndogo kuliko msiba.

Tofauti na wazimu na usahaulifu wa uzee

Mwanafunzi wa uuguzi wa akili lazima aweze kutenganisha mambo matatu.

Ugonjwa wa akili wa muda mrefu, ule ambao watu wanauita wazimu, kwa kawaida hujengeka kwa wiki au miezi. Mgonjwa anaweza kusikia sauti na kuamini mambo yasiyo kweli, lakini mara nyingi yuko macho kabisa, anajua siku na mahali, na anaweza kufuata mazungumzo. Usahaulifu wa uzee huja polepole kwa miaka. Deliriamu huja kwa saa au siku, inabadilika kutwa, huzidi usiku, na mara nyingi mgonjwa huona vitu kuliko kusikia sauti. Mtu ambaye hajawahi kuugua akili, naye amepita miaka 50, kisha akachanganyikiwa akiwa na homa, ahesabiwe kuwa na deliriamu mpaka ithibitike vingine.

Tena, jambo moja halizuii lingine. Mtu mwenye ugonjwa wa akili wa miaka mingi anaweza kupata malaria na deliriamu. Mara nyingi huyo ndiye anayeonewa zaidi, kwa kuwa kila badiliko lake linahesabiwa kuwa ni ule ule wazimu wake.

Ndiyo maana utofautishaji huu ni jambo la uhai. Goma ina kituo cha magonjwa ya akili cha Tulizo Letu, na Bukavu ina SOSAME. Vyote viwili ni kazi ya Frères de la Charité, shirika la Kikatoliki lililoanzishwa Ghent, Ubelgiji, mwaka 1807 na padri Petrus Jozef Triest. Wanafanya kazi njema. Lakini mtu mwenye homa ya uti wa mgongo akipelekwa katika kituo cha akili kabla ya kupimwa mwili, saa zinazopotea njiani zinaweza kuwa ndizo saa zake za mwisho.

Kupima kitandani

Kuna njia iliyokubalika na wengi. Mwaka 1990 daktari Sharon Inouye na wenzake huko Marekani walitoa kipimo kinachoitwa CAM, chenye alama nne tulizotaja. Mwaka 2001 Wesley Ely na wenzake wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Nashville, walikirekebisha kwa wagonjwa mahututi, hata wale wasioweza kusema kwa sababu ya mpira wa kupumua. Kinaitwa CAM-ICU. Akiisha kukizoea, muuguzi anakimaliza kwa dakika chache, na hakihitaji mashine yoyote.

Kwanza, angalia kiwango cha kuwa macho kwa ngazi ya RASS, inayoanzia +4, yaani mgonjwa anayepigana, hadi -5, yaani asiyeamka kwa lolote. Sifuri ni mtu aliye macho na aliyetulia. Aliye -4 au -5 hapimwi deliriamu wakati huo, unarudi baadaye.

Pili, uliza kama akili yake imebadilika kuliko ilivyokuwa kabla ya kuugua, au imepanda na kushuka katika saa 24 zilizopita. Jibu hili liko kwa jamaa.

Tatu, pima usikivu. Unamwambia mgonjwa: kila ukisikia herufi A, nibane mkono. Kisha unasoma kwa sauti ya kawaida herufi kumi, S-A-V-E-A-H-A-A-R-T, ukitulia kidogo baada ya kila moja. Kutobana kwenye A ni kosa. Kubana kwenye herufi nyingine ni kosa. Makosa zaidi ya mawili yana maana kwamba usikivu umepotea.

Nne, kama kiwango cha kuwa macho si sifuri, alama ya tatu ipo. Kama ni sifuri, pima mawazo kwa maswali manne ya ndiyo au hapana, kama vile: je, jiwe linaelea juu ya maji? Je, baharini kuna samaki? Baada ya hayo mpe amri ndogo ya kuonyesha vidole. Kosa zaidi ya moja lina maana kwamba mawazo yamevurugika.

Deliriamu ipo ikiwa alama ya kwanza na ya pili zote zipo, pamoja na ya tatu au ya nne.

Kipimo kinasema tu kwamba deliriamu ipo. Hakisemi chanzo. Kazi inayofuata ni kutafuta chanzo bila kukawia: joto, pumzi, mapigo, shinikizo la damu, hewa ya damu, sukari, malaria, kidonda, mkojo, choo, maumivu, orodha ya dawa.

Suala la lugha

Hapa kwetu kuna hatari ambayo vitabu vya Nashville haviitaji sana. Mama wa Ngungu anaweza kuwa anasema Kihunde au Kinyarwanda nyumbani, Kiswahili sokoni, na Kifaransa hakijui kabisa. Mwanafunzi akimpima kwa Kifaransa, mama atashindwa, na ataandikwa kuwa na deliriamu ilhali hakuelewa tu. Vilevile mtu ambaye hakusoma shule hajui herufi. Kwake A ni mlio tu. Anaweza bado kubana mkono akiusikia, lakini lazima aelezwe kwa lugha yake na ajaribu mara moja kabla ya kupimwa.

Kwa hiyo swali la kwanza la mpimaji liwe hili: huyu anasema lugha gani nyumbani? Na mkalimani aambiwe atafsiri maneno jinsi yalivyotoka, bila kuyanyoosha. Jamaa wengi kwa upendo wanatengeneza jibu la mgonjwa ili lionekane zuri, na kwa kufanya hivyo wanaificha dalili.

Kumpima mwanafunzi

Mwalimu anajuaje kwamba mwanafunzi wa uuguzi wa akili ameiweza kazi hii? Katika vyuo vingi mtihani bado ni wa karatasi: taja alama nne za deliriamu. Mwanafunzi anazitaja zote na kupata alama nzuri. Kisha anasimama mbele ya mgonjwa aliye kimya na kumpita.

Mwaka 1990 mwalimu wa udaktari wa Marekani, George Miller, alieleza ngazi nne za ustadi: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda katika kazi yenyewe. Karatasi hupima ngazi mbili za chini. Kabla ya hapo, mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walikuwa wameeleza mtihani wa vituo: mwanafunzi anapita kituo kwa kituo, kila kituo kina kazi moja ya kufanya, na mpimaji ana orodha ile ile kwa wanafunzi wote. Mtihani wa namna hii hauhitaji majengo mapya. Unahitaji kitanda, mtu wa kuigiza mgonjwa, mtu wa kuigiza jamaa, saa, na karatasi ya mpimaji.

Tuchukue mfano wa kituo kimoja. Mama wa miaka 62 kutoka milimani amepasuliwa tumbo siku tatu zilizopita. Jana usiku alijaribu kung'oa serumu na kusema mkwe wake anamwua. Asubuhi hii yuko kimya. Binti yake anataka kumpeleka kwenye maombi leo. Mwanafunzi anapewa dakika 15.

Mpimaji anaangalia kama mwanafunzi:

1. Amejitambulisha kwa mgonjwa na kumwita kwa heshima, hata kama mgonjwa hajibu.

2. Ameuliza lugha ya nyumbani.

3. Amemwuliza binti: kabla ya kuugua mama alikuwaje? Mabadiliko yalianza lini? Yanazidi saa ngapi? Je, anakunywa pombe? Anatumia dawa gani, zikiwamo za kienyeji?

4. Ameona kiwango cha kuwa macho na kukipa namba yake.

5. Amepima usikivu kama inavyotakiwa, bila kumsaidia mgonjwa.

6. Amechukua au kuomba vipimo vya mwili, akavisoma. Katika kituo hiki mpimaji anampa karatasi: joto 38.9, pumzi 28 kwa dakika, hewa ya damu asilimia 86. Mwanafunzi mzuri atashtuka.

7. Ameliangalia tumbo, kidonda na kibofu.

8. Amempa daktari taarifa fupi yenye mpangilio, akitaja neno deliriamu na chanzo anachoshuku.

9. Ameongea na binti kwa lugha inayoeleweka, bila kudharau imani yake.

10. Ameandika katika faili alichokiona, badala ya maneno kama ametulia au ana wazimu.

Katika orodha hii, hatua mbili ziwe za lazima. Mwanafunzi asiyeangalia vipimo vya mwili, au anayekimbilia sindano ya usingizi bila kumwita daktari, asipite hata kama mengine yote ameyafanya vizuri. Sababu ni kwamba makosa haya mawili ndiyo yanayoua. Juu ya sindano, ni vizuri walimu wawakumbushe wanafunzi utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 uliofanywa kwa wagonjwa mahututi 566 wenye deliriamu: haloperidoli haikufupisha siku za deliriamu kuliko maji matupu ya sindano. Dawa ina mahali pake wakati mgonjwa yumo hatarini kujiumiza, lakini kutafuta chanzo ndiko kunakomponya.

Hatua ya tisa walimu wengi wataiona ndogo. Sisi tunaiona kubwa. Mwanafunzi akimwambia binti kwamba maombi ni ujinga, binti atamtoa mama yake usiku. Akimwambia, mama yako anapungukiwa na hewa, mchungaji na aje aombe hapa hapa kitandani wakati sisi tunampa hewa na dawa, mama atabaki.

Baada ya vituo vya kuigiza inabaki ngazi ya nne ya Miller, yaani kutenda katika wodi ya kweli. Njia nyepesi ni hii: mwalimu anampima mgonjwa peke yake, mwanafunzi anampima mara tu baada yake bila kujua matokeo, kisha wanalinganisha. Ni lazima vipimo viwili vifuatane kwa karibu. Deliriamu hubadilika, na aliyechanganyikiwa saa mbili asubuhi anaweza kuwa sawa saa sita mchana. Wakiachana muda mrefu, hutajua kama aliyekosea ni mwanafunzi au ni ugonjwa uliobadilika. Na kati ya wagonjwa wanaochaguliwa lazima wawepo walio kimya, na wasio na deliriamu kabisa. Mwanafunzi anayewaandika wote kuwa nayo naye hajajua.

Maneno ya mgonjwa si ushahidi

Turudi kwa yule mama wa mfano wetu aliyesema mkwe wake anamwua. Hapa ndipo Kanisa lina kazi ambayo hospitali haiwezi kuifanya.

Mtu mwenye deliriamu huona hatari kila mahali, na huwashuku walio karibu zaidi, maana ndio anaowaona. Anayemnywesha maji anakuwa anayemlisha sumu. Anayemshika asianguke anakuwa anayemnyonga. Akifa bila kupona, maneno yale yanabaki kijijini kama wosia. Katika nchi yetu tunajua yanakoweza kufika: mjane anafukuzwa katika nyumba, mkwe anarudishwa kwao, mzee anaitwa mchawi, na wakati mwingine damu inamwagika. Mahali ambapo vita vimeshawafundisha watu kushukiana, kabila kwa kabila na nyumba kwa nyumba, neno moja la mgonjwa linaweza kuwasha moto.

Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: neno alilolisema mtu akiwa katika deliriamu lisitumiwe kumshitaki mtu yeyote, wala kanisani wala mbele ya chifu. Halikadhalika lisitangazwe kama unabii. Mchungaji anayeketi katika baraza la familia baada ya msiba aulize kwanza: aliyasema lini? Je, alikuwa na homa? Je, siku hiyo aliwatambua watoto wake?

Wapo watakaouliza: je, Biblia haisemi juu ya pepo? Inasema. Lakini Mathayo 4:24, anapoorodhesha watu walioletwa kwa Yesu, anataja wenye maradhi mbalimbali, wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza, kila kundi kwa jina lake. Mwinjili hakuwachanganya. Na katika 1 Samweli 1 kuhani Eli alimtazama Hana, akaona midomo inacheza bila sauti, akamhukumu kuwa amelewa. Alikuwa na macho na cheo, lakini alikuwa hajauliza. Aliposikiliza, hukumu yake ilibadilika kuwa baraka. Mtumishi anayemwita mgonjwa mwenye pepo kabla daktari hajapima sukari na malaria anasimama pale pale aliposimama Eli kabla ya kusikiliza.

Jamaa na mchungaji wafanye nini

Jamaa anayelinda mgonjwa ndiye mpimaji wa kwanza, kwa kuwa anajua mtu huyu alikuwaje. Akisema, huyu si mama yangu wa siku zote, muuguzi asilipuuze neno hilo.

Tena jamaa wana uwezo wa kuzuia. Mwaka 1999 Inouye na wenzake walitoa matokeo ya wazee 852 waliolazwa hospitalini. Waliosaidiwa kwa mambo madogo ya kila siku walipata deliriamu asilimia 9.9, waliopata huduma ya kawaida, asilimia 15. Mambo hayo yanawezekana hata kwetu. Mwambie mgonjwa kila asubuhi ni siku gani, yuko wapi, na wewe ni nani. Mpe miwani yake. Mpe maji anywe mara kwa mara kama daktari hakukataza. Msaidie kukaa na kutembea mapema daktari akiruhusu. Mchana mlango na dirisha viwe wazi aone mwanga. Usiku taa zipunguzwe na kelele zikome, zikiwamo nyimbo na maombi ya sauti kubwa karibu na kitanda. Kwa mgonjwa aliyechanganyikiwa, watu 20 wanaoomba kwa kelele usiku wa manane wanaweza kuonekana kama kundi la wavamizi. Ombi la sauti ya chini, na mkono wa mtu mmoja anayemjua, vinamtuliza zaidi.

Asifungwe kamba. Kamba huongeza hofu na mapambano, na huumiza. Mtu mmoja akae karibu naye kwa zamu. Hapo kikundi cha mama wa kanisa kinaweza kufanya kazi kubwa: kupanga zamu za usiku ili binti aliyekesha siku tatu apate kulala.

Baada ya kupona

Wengi wanaopona wanakumbuka sehemu ya yale waliyoyaona, na yanawatisha. Kwa watu waliokimbia Ngungu na Masisi mara nyingi, ndoto za reanimasio huchanganyika na mambo waliyoyaona kweli kwa macho. Wengine wanaona aibu kwa matusi waliyotukana. Katika nchi za Skandinavia wauguzi wana desturi ya kumwandikia mgonjwa mahututi daftari la siku zake, asome akipona na kuelewa kilichompata. Jamaa anaweza kufanya hivyo kwa daftari la shule: leo ulikuwa na homa kali, ulidhani kuna askari mlangoni, hawakuwapo, nilikuwa mimi na muuguzi.

Mchungaji atembelee tena wiki chache baadaye, na kumwambia mtu huyo wazi kwamba ilikuwa ugonjwa wa mwili, si dhambi yake, si laana, na si mwanzo wa wazimu. Kama usahaulifu au hofu vinaendelea, arudishwe kwa daktari. Kama yupo mtu aliyetajwa vibaya katika kuweweseka kwake, wakutanishwe, na mgonjwa mwenyewe, sasa akiwa na akili timamu, amwondolee lawama mbele ya familia.

Kwa walimu wa uuguzi wa akili, ombi letu ni moja: msiwape wanafunzi cheti kabla hamjawaona mbele ya mgonjwa aliye kimya. Na kwa makanisa yetu, kuanzia Ngungu hadi Goma: mgonjwa akichanganyikiwa ghafla, mwiteni muuguzi usiku huo huo, kisha ombeni mkiwa pale pale. Bwana awape hekima na uvumilivu kwa kila kitanda mnachokilinda.